Bunduki Iliyotoka Jeshini: Biashara na Mageuzi ya Silaha za Masalia ya Kijeshi katika Karagwe na Kyerwa, 1861–2015

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya bunduki za masalia ya jeshi katika eneo ambalo leo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Kipindi kinachohusika kinaanza na kufika kwa msafara wa John Hanning Speke mwaka 1861 na kuishia na sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015. Hoja kuu ni kwamba bunduki iliyogeuzwa nyumbani, ambayo leo huitwa gobore na kuhesabiwa kuwa kazi ya mhunzi wa kijijini, ina asili yake katika maghala ya majeshi ya dola. Makala yanaonesha kwamba kila dola ilipobadili silaha zake, zile za zamani zilitafuta soko. Kwamba sheria zilizokusudia kuzuia soko hilo zilisaidia kuumba aina ya silaha iliyokuja kupigwa vita baadaye. Na kwamba alama zilizomo kwenye silaha hizo ni hati za historia zinazostahili kusomwa kabla silaha hazijateketezwa.

1.0 Utangulizi

Mazungumzo kuhusu silaha haramu mkoani Kagera kwa kawaida huanzia mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka mpaka kwa mamia ya maelfu. Wengine hurudi nyuma hadi vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Kwa mtazamo huo, silaha ni kitu kigeni kilichoingia na mgeni, na dawa yake ni kumwondoa mgeni. Mtazamo huu una ushahidi wa kutosha kuhusu bunduki za kisasa, hasa za rashasha. Hata hivyo, hauelezi kwa nini, sambamba na silaha hizo, bado zipo bunduki za kushindiliwa ambazo vyuma vyake ni vya zamani kuliko mpaka wenyewe.

Makala haya yanashughulikia bunduki hizo. Kwa maneno "masalia ya jeshi" inakusudiwa silaha iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi la dola fulani, kisha ikaondolewa katika matumizi rasmi na kuuzwa, kugawiwa, kuibwa au kuachwa. Kwa neno "mageuzi" inakusudiwa badiliko lolote lililofanywa baada ya silaha kutoka kiwandani: kubadili kitako, kufupisha mtutu, kuweka mtambo mwingine au kuondoa alama. Makala yanategemea maandishi yaliyochapishwa: taarifa za wasafiri wa karne ya 19, kazi za wanahistoria, na sheria na mikataba ya kimataifa.

Swali linaloongoza makala ni hili: anayeuza bunduki ya namna hii huuza nini hasa? Jibu limebadilika kwa kila kipindi, na mabadiliko hayo ndiyo historia inayosimuliwa hapa.

2.0 Masalia ya Ulaya na Njia ya Karagwe

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, majeshi ya Ulaya yalibadili silaha mara kadhaa kwa haraka isiyowahi kuonekana. Mwaka 1866 Uingereza iliamua kuzigeuza bunduki zake za Enfield za muundo wa 1853, zilizokuwa zikishindiliwa mdomoni, ziwe za kupakiwa nyuma kwa mtambo wa Snider. Ufaransa iliingiza bunduki ya Chassepot mwaka huohuo, kisha Gras mwaka 1874. Ujerumani iliingiza Mauser mwaka 1871. Mwaka 1886 Ufaransa ilitoa bunduki ya Lebel iliyotumia baruti isiyotoa moshi, na kwa tendo hilo silaha zote zilizotangulia zikawa za zamani kwa siku moja. Inafaa kukumbuka kwamba Snider yenyewe ilikuwa bunduki iliyogeuzwa. Mageuzi ya silaha chakavu yalianza kama sera ya wizara za vita, muda mrefu kabla ya kuwa kazi ya uani.

Silaha zilizoondolewa hazikuyeyushwa zote. Wafanyabiashara wa Ulaya walizinunua kwa wingi, na karakana za Liège nchini Ubelgiji zilijulikana kwa kuunganisha upya mitutu, mitambo na vitako vya bunduki za jeshi kuukuu ili ziuzwe Afrika. Zanzibar ilikuwa mlango wa bidhaa hiyo kwa upande wa mashariki. Mwaka 1888 konseli wa Uingereza huko Zanzibar, Charles Euan-Smith, alikadiria kwamba kati ya bunduki 80,000 na 100,000 za kila aina zilikuwa zikiingia bara kila mwaka. Mwanahistoria R. W. Beachey, katika utafiti wake wa mwaka 1962 kuhusu biashara hiyo, alikadiria kwamba kati ya 1885 na 1902 silaha karibu milioni moja ziliingia katika maeneo ya Waingereza na Wajerumani ya Afrika Mashariki.

Karagwe ilikuwa kituo katika njia ya misafara iliyotoka Tabora kwenda Buganda. Huko Kafuro, karibu na makao ya mfalme yaliyokuwa Bweranyange, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walijenga maboma na kukusanya pembe za ndovu. Henry Morton Stanley, aliyefika mwaka 1876, alimkuta Ahmed bin Ibrahim akiwa na mali iliyojumuisha, kwa hesabu ya Stanley, ng'ombe 150, watumwa 100 na meno 450 ya ndovu. Pembe na watumwa walikwenda pwani. Nguo, shanga, baruti na bunduki vilirudi.

Silaha ziliingia katika siasa za Karagwe mapema. Katika miaka ya 1850 mfalme Rumanika aligombania kiti na nduguye Rogero. Speke anaeleza kwamba Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi wa Tabora, alimsaidia Rumanika kwa watu wake wenye bunduki, naye akalipwa kwa pembe. Hapa kuna jambo la kuzingatia: Musa hakumwuzia Rumanika bunduki. Alimwuzia matumizi ya bunduki kwa kipindi maalumu, kisha akaondoka nazo. Mfalme alipata ushindi bila kupata silaha.

Msafara wa Speke na James Grant uliofika Novemba 1861 ulikuja na silaha za serikali. Kabla ya kuondoka, Speke alipewa na serikali ya India bunduki fupi 50 za kikosi cha mizinga, pamoja na risasi 20,000. Bunduki moja aliyoitoa kwa Rumanika, Stanley aliikuta miaka 15 baadaye ikiwa imewekwa kwa heshima katika nyumba ya hazina ya mfalme, pamoja na sanamu za shaba na mikuki ya kifalme. Silaha hiyo ilikuwa imebadilika kuwa kumbukumbu. Mgeni aliyeileta alikuwa amekwenda zake na risasi zake, na chuma kikabaki kama ushahidi wa urafiki.

Mifano hii miwili inaonesha kanuni ya soko la karne ya 19. Thamani ya bunduki haikukaa katika bunduki peke yake. Ilikaa katika uhusiano wa mnunuzi na mtu aliyeweza kuleta baruti, risasi na fataki. Ndiyo sababu bunduki ya gumegume, iliyowashwa kwa jiwe, iliendelea kuuzwa bara muda mrefu baada ya Ulaya kuiacha. Mtu mwenye gumegume alihitaji baruti na kipande chochote cha risasi; mwenye bunduki ya kupakiwa nyuma alihitaji risasi za kiwandani za kipimo kimoja tu. Kwa mtu aliye mbali na pwani, silaha duni ilikuwa silaha huru zaidi. Mantiki hiyo inaeleza pia kwa nini baadaye bunduki nzuri iligeuzwa kuwa ya kizamani: aliyefanya hivyo alikuwa akiikomboa kutoka kwa mwenye kiwanda cha risasi.

3.0 Uhunzi na Mafundi wa Bunduki

Mageuzi yanahitaji fundi, na Karagwe haikuwa nchi ya kujifunza chuma kutoka kwa wageni. Utafiti wa Andrew Reid na Rachel MacLean uliochapishwa mwaka 1995 umeonesha jinsi ufuaji wa chuma ulivyofungamana na ufalme wenyewe. Miongoni mwa vifaa vya enzi vya Bweranyange kulikuwa na nyundo, fuawe na ng'ombe waliofuliwa kwa chuma, na mapokeo yanamtaja mfalme Ndagara, baba yake Rumanika, kuwa mhunzi mashuhuri. Mhunzi, yaani omuhesi kwa Kinyambo, hakuwa mtu wa pembeni.

Ushahidi ulio wazi zaidi kuhusu ufundi wa bunduki unatoka kwa jirani, Buganda. Alexander Mackay wa Church Missionary Society, mhandisi aliyefika huko mwaka 1878, aliendesha karakana ya uhunzi na alitakiwa mara kwa mara na mfalme atengeneze bunduki. Frederick Lugard, katika kitabu chake cha mwaka 1893, anamtaja fundi Kisule, aliyejifunza kwa Mackay, kwamba aliweza kutengeneza springi mpya au kukarabati bunduki yoyote kwa ustadi mkubwa. Lugard aliongeza kwamba vitako vilivyochongwa na mafundi wa Buganda vilikuwa vigumu kutofautisha na vya Ulaya. Kauli hii ni ya askari aliyetaka kuwanyang'anya watu silaha, si ya mpenzi wa sanaa. Sifa zake zina wasiwasi ndani yake. Alitambua kwamba palipo na fundi, kuzuia shehena bandarini hakutoshi.

Ni muhimu kutofautisha hatua tatu za kazi hii. Ya kwanza ni ukarabati: kurejesha silaha katika hali yake. Ya pili ni mageuzi: kuifanya silaha iwe kitu kingine kwa kutumia sehemu zake. Ya tatu ni utengenezaji: kuunda silaha mpya kwa vyuma visivyokuwa vya bunduki. Sheria na taarifa za siku hizi huchanganya hatua hizi tatu na kuziita zote "silaha za kienyeji". Mchanganyo huo una athari kwa historia, kwa sababu hatua mbili za kwanza hazieleweki bila kutaja jeshi lililoitengeneza silaha hapo awali.

Mfano wa Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, unasaidia kulinganisha. Katika miaka ya 1970 Wakaramojong walitengeneza bunduki zao wenyewe, zilizoitwa amatida, kwa mabomba ya chuma. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, ghala la kambi ya Moroto liliachwa wazi na bunduki za kijeshi zikachukuliwa kwa wingi. Amatida zikapoteza umuhimu mara moja. Kutokana na mfano huo, inaelekea kwamba bunduki ya mhunzi hustawi pale ambapo ile ya jeshi haipatikani, na hufifia ghala linapofunguka. Uani na ghala ni ncha mbili za mfumo mmoja.

4.0 Sheria Iliyoumba Gobore

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba uliohusu biashara ya utumwa, na ndani yake vifungu kuhusu silaha. Eneo lililohusika lilianzia latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini, na Karagwe ilikuwa ndani yake. Mkataba ulizuia kuingizwa kwa bunduki zenye mifuo ndani ya mtutu na zile za kupakiwa nyuma, isipokuwa kwa idhini maalumu. Uliruhusu, chini ya usimamizi, bunduki za gumegume zisizo na mifuo na baruti ya kawaida.

Mgawanyo huo ulikuwa wa kiufundi kwa maneno, lakini wa kisiasa kwa matokeo. Silaha ya kisasa ilitengwa kwa ajili ya dola na watumishi wake. Silaha iliyopitwa na wakati ilibaki kuwa halali kwa Mwafrika. Kwa njia hiyo gobore, yaani bunduki ya kushindiliwa, haikubaki bara kwa sababu wenyeji walipenda ukale. Ilibaki kwa sababu ndiyo pekee waliyoruhusiwa. Bunduki iliyofunzwa kuwa ya "kienyeji" ilipewa uenyeji huo na wanadiplomasia.

Katika miaka hiyohiyo Karagwe iligeuka kutoka njia ya biashara kuwa njia ya magendo. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya Julai 1890 yaliiweka upande wa Wajerumani, nao walijenga kituo Bukoba mwishoni mwa mwaka huo. Kabarega wa Bunyoro, aliyekuwa akipigana na Waganda na Waingereza, alipata silaha kutoka kusini kupitia Karagwe na Ankole. Mwaka 1891 Lugard alifanya mapatano na mjumbe wa Ntare wa Ankole, na miongoni mwa makusudio yake lilikuwa kuifunga njia hiyo. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, mtu aliyepita mpakani na bunduki ya kuuza alikuwa na mashtaka yanayomngoja upande wa pili.

Kisa cha Charles Stokes kinaonesha uzito wa jambo hilo. Stokes, mzaliwa wa Ireland, alikuja kama mtumishi wa misheni mwaka 1878, kisha akawa mfanyabiashara aliyeendesha misafara kati ya pwani, Unyamwezi na eneo la Ziwa Viktoria. Aliuza pembe, na aliuza silaha. Januari 1895 ofisa wa Dola Huru ya Kongo, Hubert Lothaire, alimhukumu na kumnyonga kwa kosa la kuwauzia silaha maadui wa dola hiyo. Kesi hiyo ilizusha mgogoro kati ya London na Brussels kwa kuwa aliyenyongwa alikuwa Mzungu. Wabebaji na wachuuzi Waafrika waliokumbwa na adhabu za namna hiyo hawakuzusha mgogoro wowote wa kidiplomasia.

5.0 Maghala Yaliyofunguka: Karne ya 20

Vita Kuu ya Kwanza ilidhihirisha kwamba hata jeshi la kikoloni lenyewe lilitumia masalia. Mwaka 1914 kampuni nyingi za askari wa Kijerumani katika Afrika Mashariki zilikuwa bado na bunduki za muundo wa 1871, zilizotoa moshi mzito uliowaonesha kwa adui. Mpaka wa Kagera ulikuwa uwanja wa mapambano, na Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa na kuishambulia Bukoba. Mwaka 1916 Wajerumani waliondoka eneo hilo.

Baada ya vita, mataifa washindi yalikiri tatizo waliloliumba. Mkataba wa Saint-Germain wa Septemba 1919 kuhusu biashara ya silaha ulitamka katika utangulizi wake kwamba vita virefu vimelimbikiza silaha nyingi sehemu mbalimbali za dunia na kwamba kutawanyika kwake ni hatari kwa amani. Afrika, kwa mara nyingine, ilitajwa miongoni mwa maeneo ya kuzuiwa. Mkataba huo haukutekelezwa ipasavyo, lakini fikra yake ilidumu katika sheria za Tanganyika chini ya Waingereza: leseni kwa kila silaha, na ugumu mkubwa zaidi kwa Mwafrika aliyetaka bunduki yenye mifuo.

Athari ya udhibiti huu haikuwa ya kisiasa pekee. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu mazingira na maendeleo ya Tanganyika, anadai kwamba magonjwa ya mifugo ya miaka ya 1890, vita na kupungua kwa watu vilirudisha pori na ndorobo katika ardhi iliyokuwa imelimwa, na kwamba kunyang'anywa silaha kuliwapunguzia wakulima uwezo wa kuwazuia wanyama. Wanahistoria wengine wamepinga ukubwa wa madai yake. Hata hivyo, kwa Karagwe, ambako tauni ya ng'ombe iliwamaliza mifugo na vichaka vikaenea upande wa mto Kagera, hoja yake inasaidia kueleza kwa nini gobore ilibaki kuwa chombo cha kilimo. Nguruwe pori na nyani walikula mihogo na mahindi bila kuuliza leseni.

Ghala lilifunguka tena mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoiteka ardhi ya Tanzania kaskazini mwa mto Kagera. Jeshi la Wananchi na wanamgambo waliyaondoa, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Jeshi la Uganda lililosambaratika liliacha silaha nyuma yake. Tarehe 1 Oktoba 1990 wapiganaji wa RPF waliingia Rwanda kupitia Kagitumba, ng'ambo ya mto kutoka eneo ambalo sasa ni Kyerwa. Mwaka 1994 wakimbizi walifurika. Karagwe nayo ilikuwa na kambi zake, kama vile Chabalisa na Kagenyi, hadi wengi wao waliporejeshwa Desemba 1996. Miongoni mwa waliovuka walikuwamo askari wa jeshi lililoshindwa.

Katika matukio hayo yote, wakimbizi walikuwa njia. Chanzo kilikuwa majeshi. Tofauti hii si ya maneno matupu. Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, alitoa siku 14 kwa wahamiaji haramu kuondoka na kwa wenye silaha haramu kuzisalimisha, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Agizo moja liliunganisha makundi mawili. Mzee Mnyambo mwenye gobore ya babu yake na mfugaji aliyezaliwa Karagwe na wazazi kutoka ng'ambo walijikuta chini ya operesheni moja, ingawa historia zao hazifanani.

6.0 Kuuza Kisichouzika

Tukirudi kwenye swali la msingi, ni vyema kulinganisha na nchi ambako biashara ya masalia ilikuwa halali kwa kila raia. Nchini Marekani, baada ya Vita Kuu ya Pili, bunduki za Mauser na Lee-Enfield ziliuzwa kwa njia ya posta kwa bei ndogo. Wanunuzi walikata vitako na kufupisha mitutu nyumbani ili wapate bunduki nyepesi ya kuwinda. Sheria ya mwaka 1968, iliyofuata kuuawa kwa Rais Kennedy kwa bunduki ya Kiitaliano ya masalia iliyoagizwa kwa posta, ilifunga biashara hiyo ya posta. Leo mwenye bunduki iliyokatwa akitaka kuiuza huambiwa kwamba mageuzi yameipunguzia thamani. Wakusanyaji hulipia ile iliyobaki kama ilivyotoka jeshini. Huko, msumeno wa mmiliki ni hasara.

Karagwe na Kyerwa hali ni kinyume. Mageuzi ndiyo yaliyoiwezesha silaha kuendelea kutumika, na ndiyo pia yanayoinyima uhalali. Sheria ya silaha ya mwaka 1991, na ile ya mwaka 2015 iliyochukua nafasi yake, zinadai leseni kwa anayemiliki na idhini kwa anayeuza na anayenunua. Zinakataza pia kutengeneza au kubadili silaha bila idhini. Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, ambayo Tanzania ni mwanachama wake, inadai kila silaha itiwe alama itakayowezesha kufuatiliwa. Bunduki yenye mtutu wa nchi moja, mtambo wa nchi nyingine na kitako cha mti uliokatwa Nyaishozi haiwezi kutimiza masharti hayo kwa urahisi. Haina namba moja, kwa sababu si silaha moja.

Kwa hiyo mrithi wa silaha kama hiyo hawezi kuiuza kihalali, na akiiuza kwa siri anauza pamoja nayo hatari ya kifungo. Bei ya soko la siri si bei ya chuma. Ni bei ya kunyamaza. Hali imekuwa nzito zaidi tangu mwaka 2019, mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipopandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Gobore iliyokuwa ikilinda shamba inapokutwa karibu na mpaka wa hifadhi huhesabiwa kuwa zana ya ujangili, na mara nyingine ndivyo ilivyo. Makala haya hayadai kwamba silaha hizo hazina madhara. Zimeua wanyama na zimeua watu. Yanadai kwamba madhara hayo hayaeleweki kwa kumtazama aliyeishika mwisho peke yake.

7.0 Bunduki kama Hati

Bunduki iliyogeuzwa ina kumbukumbu ndani ya chuma chake. Neno "Tower" na taji kwenye bamba la mtambo huashiria silaha ya serikali ya Uingereza, au nakala iliyoigwa kwa ajili ya soko. Herufi ELG ndani ya duara la mviringo ni muhuri wa ukaguzi wa Liège. Alama za kikosi kwenye kitako hutaja jeshi. Namba zilizogongwa baadaye hutaja ofisi iliyotoa leseni. Kiungo cha mkono wa mhunzi, mahali chuma kilipofungwa kwa waya au kitako kilipochongwa upya, hutaja mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Zikisomwa kwa pamoja, alama hizo hueleza safari ya karne nzima kwa usahihi unaoweza kupita taarifa za wasafiri.

Mkusanyaji wa Ulaya hudharau tabaka hizo kwa sababu zimeharibu umbo la asili. Polisi huziona kama kasoro zinazozuia utambuzi. Kwa mwanahistoria, tabaka hizo ndizo hati yenyewe. Silaha zinazosalimishwa hukusudiwa kuteketezwa, na ni haki ziteketezwe; lakini kuteketeza bila kunakili alama ni sawa na kuchoma jalada kabla ya kulisoma.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba historia ya bunduki zilizogeuzwa katika Karagwe na Kyerwa inaanzia katika maamuzi ya wizara za vita za Ulaya. Silaha zilizoachwa na majeshi zilipita Liège, Zanzibar, Tabora na Kafuro. Baadaye zilipita Kampala, Kagitumba na kambi za wakimbizi. Kila mara muuzaji aliuza kitu tofauti: Musa Mzuri aliuza ulinzi wa muda, wafanyabiashara wa Kafuro waliuza utegemezi wa baruti, na muuzaji wa leo huuza siri. Mkataba wa Brussels uliifanya silaha duni kuwa silaha ya Mwafrika, na sheria zilizofuata zikamhukumu kwa kuwa nayo.

Mapendekezo mawili yanatokana na matokeo haya. Kwanza, katika kila zoezi la kusalimisha silaha, mamlaka husika zishirikiane na vyuo vikuu na Makumbusho ya Taifa ili kila silaha ipigwe picha na alama zake kuandikwa kabla ya kuteketezwa. Kazi hiyo ni ya dakika chache kwa kila silaha. Pili, fomu za usalimishaji zitenganishe silaha ya kijeshi ya kisasa, silaha ya masalia iliyogeuzwa na silaha iliyoundwa upya na mhunzi, kwa kuwa kila moja ina chanzo chake na inahitaji hatua yake. Msamaha unaozichanganya zote humtisha mrithi wa gobore kwa tuhuma za mwenye bunduki ya rashasha, naye huamua kuifukia ardhini. Chuma kilichofukiwa hakimsaidii mkulima wala mtafiti, na siku kitakapofukuliwa, atakayekishika huenda asiwe aliyekifukia.